Sentimita Kumi na Moja za Bahari

Jumatatu, 24 Februari

Nimeanza daftari jipya. Ofisini nina lile la namba, ambalo ni mali ya serikali. Hili ni la maneno, na ni mali yangu. Kwa atakayeliokota: mwandishi ni msoma rula wa gati namba mbili, mtu aliyeona bandari arobaini na moja, akatukanwa kwa lugha tisa na akajibu kwa kumi. Watu huniita Kapteni. Wenye kijicho husema melini nilikuwa mpaka grisi. Ni kweli, lakini meli isiyopakwa grisi haina haja ya kapteni.

Rula yenyewe ni bamba refu la chuma, jeupe, lenye namba nyekundu, limefungwa kwenye nguzo ya gati kutoka juu mpaka ndani ya maji. Kila saa nasimama ukingoni, natazama maji yamegusa namba gani, naandika. Miaka kumi na saba sasa. Wenzangu wa zamu ya usiku wamebadilika mara sita; mimi nipo.

Leo tumeletewa mtaalamu wa bahari, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani na kompyuta mbili. Nilimuuliza ya pili ni ya siku za mvua? Akasema, "Ya kwanza inafanya kazi, ya pili inanivumilia." Nimempa jina: Bi Kompyuta. Hakulikataa, kwa hiyo ni lake.

Kazi yake ni kukadiria usawa wa wastani wa bahari kwenye pwani yetu yote, ili Mhandisi ajue ukuta wa kuzuia maji kule mtaa wa chini uishie urefu gani. Dada yangu anakaa mtaa huo, nyumba ya mwisho kabisa, ukitema mate unalenga ukuta. Nikamwambia Bi Kompyuta afanye kazi vizuri, la sivyo atanijua mimi ni nani. Akasema ameshaambiwa.

Jumanne, 25 Februari

Mvua. Rula ipo. Mimi nipo.

Alhamisi, 27 Februari

Nimesomeshwa leo, na sikulipa ada.

"Kapteni, ukisikia usawa wa bahari unawaza nini?"

"Beseni lililotulia."

"Bahari si beseni. Hata ukiondoa mawimbi, ukaondoa kujaa na kupwa, ukapiga wastani wa miaka mingi, bado inabaki na vilima na mabonde. Maji ya moto huvimba. Penye mdomo wa mto maji ni mepesi, yanakaa juu. Upepo nao unayasukuma pwani yanarundikana. Tofauti ni kidole, kiganja, si zaidi. Ila kiganja kwenye ukuta ni kikubwa."

Nikamuuliza kwa nini setilaiti isipime, si ndiyo kazi yake kuchungulia watu. Akasema kule katikati ya bahari inapima vizuri, lakini ikikaribia pwani mwangwi wa nchi kavu unaingiliana na wa maji, inakuwa kama mtu anayesikiliza redio mbili kwa pamoja. Ndiyo maana anatumia modeli: bahari anayoitengeneza mwenyewe ndani ya kompyuta, imekatwa vyumba vyumba vya mraba, na kila chumba anakipa upepo wake, joto lake, chumvi yake na kina chake. Halafu anaiachia itembee miaka.

Nikamwambia anionyeshe gati langu. Akatafuta, akakohoa. Vyumba vyake vilikuwa vikubwa mno, na chumba chetu kilikuwa kimepakwa rangi ya nchi kavu.

"Miaka kumi na saba nafanya kazi jangwani," nikasema, "na hakuna aliyeniambia."

Alicheka mpaka akavua miwani. Anaanza kukata vyumba vidogo.

"Na utajuaje kama bahari yako haisemi uongo?"

"Nitailinganisha na rula yako, Kapteni."

Nikavimba kama chura.

Jumapili, 2 Machi

Nilikuwa kwa Dada. Nyumba yake nzima imesimama juu ya matofali: kitanda kwenye matofali, jokofu kwenye matofali, lile kabati zito la mbao aliloachiwa na mama yetu nalo kwenye matofali manne, utadhani linataka kusafiri. Kila msimu wa maji makubwa bahari inaingia mpaka ugoko, inakaa nusu saa, inaondoka na viatu. Dada ni mshonaji wa sare za shule. Cherehani ameifunga juu ya meza, na meza juu ya matofali, anashona kama amepanda ngamia.

Mume wake, shemeji yangu, ndiye fundi mkuu wa ukuta. Ukuta umefika kifuani, ukiupima kutoka ufukweni. Kozi za juu, yaani safu za mwisho za tofali, na zege la kufungia zinasubiri namba ya Bi Kompyuta.

"Mwaka huu nashusha kabati," Dada akasema.

"Ngoja ukuta uishe kwanza," nikamwambia.

"Ukuta anaujenga mume wangu, bahari anaipima mdogo wangu. Ningoje nini?"

Shemeji akasema kwa upande wake atangoja, maana mmoja wa hao wawili anamfahamu.

Jumanne, 4 Machi

Bamvua, maji makubwa ya mwezi. Saa kumi jioni rula imesoma mita tatu na themanini na mbili. Bila upepo. Mtaa wa chini maji yamevuka ukuta usioisha, yamefika kifundoni tu. Bi Kompyuta amesimama nami gatini, akasema pepo zikigeukia pwani siku ya bamvua mwezi ujao, itakuwa habari nyingine. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

Ijumaa, 7 Machi

Bi Kompyuta ametoa mezani karatasi ya pwani nzima. Kuna rula tatu nyingine, kaskazini na kusini yetu. Zote tatu zinakubaliana na modeli yake, zikitofautiana kwa sentimita moja au mbili. Yetu peke yake inasema wastani wa bahari uko chini kwa sentimita kumi na moja kuliko anavyosema yeye.

"Rula yako ndiyo inayogombana nami," akasema.

"Basi kompyuta yako inagombana na bahari. Rula hii haijawahi kudanganya tangu izaliwe."

Akaitika kwa kichwa, akaandika. Huko kuandika ndiko kulikonitisha. Mtu akikubishia unajua mlipo. Huyu aliniamini.

Sasa niandike hapa, maana mahali pengine sijawahi kuandika.

Miaka tisa iliyopita tishari la mizigo lilirudi nyuma vibaya, likagonga gati, likang'oa rula. Mpimaji wa serikali alikuwa safarini. Tukaambiwa tungoje wiki tatu. Wakati huo daftari langu la namba lilikuwa na miaka minane bila mstari mtupu hata mmoja. Nilikuwa nikiwaonyesha wageni. Wiki tatu tupu zingekuwa kama pengo kwenye meno ya mbele. Nikamwita Shemeji. Akaja na mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ambao mafundi huujaza maji, huyu anashika ncha hii, yule anashika ile, na maji yanasimama sawa pande zote mbili. Nusu ya nyumba za mji huu zimepangwa usawa kwa mpira huo na zimesimama. Mlangoni mwa ofisi kuna kifungo cha shaba kimezikwa kwenye zege. Urefu wake unajulikana na serikali nzima, na alama ya mita tano ya rula inatakiwa iwe sawasawa nacho. Tukaweka ncha moja kwenye shaba, nyingine kwenye nguzo. Tukachora, tukatoboa, tukafunga. Saa saba mchana nilikuwa nasoma kama kawaida.

Fomu ya mwezi inauliza: Je, rula imesogezwa? Niliandika Hapana.

Hatukukosea. Nadhani hatukukosea.

Jumamosi, 8 Machi

Leo sikumtania mtu. Mpishi wa kantini ameniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 10 Machi

Kumbe Bi Kompyuta alikuwa anayaingiza madaftari yangu yote kwenye kompyuta, mwaka kwa mwaka, kwa vidole vyake mwenyewe. Asubuhi akaniita, akaniwekea mchoro. Mstari unakwenda, unapanda kidogo, unashuka kidogo, halafu miaka tisa iliyopita unaanguka kama mtu aliyekosa ngazi, na haupandi tena.

"Hapa kulitokea nini, Kapteni?"

Nilikuwa na muda wa kusema. Nilihesabu bawaba za dirisha, ni nne.

"Mwaka ule walichimba lango la bandari," nikasema. "Meli kubwa zilikuwa hazipiti."

Na ni kweli walichimba. Ndiyo ubaya wa uongo wangu, una kitambulisho halali.

Uso ukamng'aa. "Kwa nini hukuniambia mapema? Lango likiwa na kina kikubwa, maji yanaingia na kutoka tofauti. Nitachimba na mimi, ndani ya modeli."

Amefurahi. Ameninunulia chai. Nimeinywa.

Ijumaa, 14 Machi

Bado anachimba. Anafika kabla yangu na miwani imemwachia alama puani. Upepo wa kusini, hafifu. Rula mita mbili na kumi na nne, saa nne asubuhi, maji yamejaa, ila si bamvua.

Jumatatu, 17 Machi

Lango lote limechimbwa ndani ya kompyuta, wiki nzima, na bahari imeshuka sentimita moja. Zimebaki kumi. "Sijui ninakosea wapi," amesema, na amejisemea mwenyewe, si kuniambia mimi. Nimefuta rula kwa kitambaa. Haikuwa chafu.

Alhamisi, 20 Machi

Jana ilikuwa bamvua, kwa hiyo leo saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekauka mpaka miguuni mwa nguzo. Wapagazi walikuwa kwenye chai. Bi Kompyuta alikuwa amekwenda kwa Mhandisi. Nilimwazima Shemeji mpira wake juzi, nikadanganya kuwa napanga sakafu ya choo.

Niliujaza polepole, maji yenye wino wa buluu, nikaupigapiga kwa vidole kila hatua kama mtu anayembembeleza nyoka. Ncha moja nikaifunga kwenye kifungo cha shaba kwa utepe, nyingine nikaishika mwenyewe kwenye rula. Nikangoja maji yatulie.

Yalitakiwa yasimame kwenye mita tano. Yalisimama kwenye nne na themanini na tisa.

Nikarudia. Nne na themanini na tisa.

Nikakaa chini. Nikakumbuka siku ile: jua kali, haraka, mpira tuliujaza kwa kuuchomeka bombani na kufungulia yote. Nikafanya jambo moja zaidi. Niliingiza hewa makusudi, kiputo cha urefu wa kiganja, kikakaa kwenye upande wa rula unaopanda nyuma ya nguzo, mahali ambapo mtu haoni. Maji ya upande wangu yakapanda kiganja kizima na kusimama hapo, yametulia, mazuri, yanaonekana ya kweli kabisa.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Tuliifunga rula juu mno, na kwa miaka tisa nimekuwa nikiiandikia bahari ufupi ambao haina. Modeli iko sawa. Ukuta ukifuata rula utakuwa mfupi kwa sentimita kumi na moja.

Nimemwaga maji. Buluu imebaki kwenye zege, nimeisugua kwa kiatu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemkuta Shemeji kwenye ukuta, anasafisha mwiko.

"Shemeji, mpira ulikuwa na hewa."

"Mpira upi?"

"Wa rula. Siku ile."

Hakuinua uso. "Nyumba mia mbili nimezipanga kwa mpira ule. Zunguka mji mzima, ukiona moja imelala ubavu njoo uniite."

"Nyumba haijali sentimita kumi na moja. Bahari inajali."

"Nani amesema kumi na moja?"

"Mpira wako mwenyewe. Juzi."

"Kumbe choo chako kiko gatini." Akaweka mwiko chini. "Sikiliza, Kapteni. Nina mafundi kumi na wanane chini yangu hapa. Wewe ukisema umekosea, watu watacheka, watasema ndiyo zake. Ukisema mpira, unasema mimi. Kesho nani atanipa ukuta? Halafu huna hakika. Mtu akipima kosa kwa kifaa kilichokosea, amepima nini?"

Nimerudi na neno hilo nyumbani kama pipi mdomoni. Huna hakika, huna hakika. Tamu.

Jumanne, 25 Machi

Mkutano wa namba ni keshokutwa. Mkubwa wa Bi Kompyuta amempigia simu, nimesikia upande mmoja tu: "Ndiyo. Ndiyo. Lakini rula tatu nyingine... Ndiyo."

Alhamisi, 27 Machi

Chumba cha mikutano, meza ndefu, Mhandisi na kofia yake ya njano mezani kama sahani. Bi Kompyuta akaeleza dakika ishirini. Mwisho akasema, "Modeli yangu inaweka bahari juu zaidi hapa. Sijaweza kueleza kwa nini. Lakini modeli ni hesabu, na rula ni jicho la mtu aliyesimama pale miaka kumi na saba. Nimeishusha modeli ifuate rula."

Mhandisi akanigeukia. "Kapteni, unasimama na rula yako?"

"Kama ninavyosimama hapa," nikasema.

Nilikuwa nimekaa. Watu wakacheka, Mhandisi akacheka, kalamu ikazunguka, sahihi nne. Nimechekesha watu kwenye bandari arobaini na moja. Hiki ndicho kicheko ambacho ningekirudisha dukani.

Jumatatu, 31 Machi

Wamekwisha pandisha kozi. Zege la kufungia limeanza kumwagwa. Gari la zege linazunguka tumbo lake mtaani tangu asubuhi, watu wametoa viti nje kutazama.

Jumatano, 2 Aprili

Kimebakia kipande kidogo cha kumwagwa zege. Dada amenitumia salamu: nikipita, nimsaidie kushusha kabati.

Alhamisi, 3 Aprili

Bamvua, hakuna upepo, mita tatu na themanini na nane. Maji yalisimama kiganja na nusu chini ya ukuta mpya. Mtaa mzima mkavu kwa mara ya kwanza. Watu walipiga makofi ukingoni. Shemeji alibebwa juu.

Nilifika mpaka mlangoni mwa ofisi ya Bi Kompyuta. Mlango ulikuwa wazi, alikuwa ananipa mgongo, anakunja nyaya. Keshokutwa anaondoka. Nikasimama. Nikajiambia, mbona ukuta umezuia? Nikarudi.

Jumamosi, 5 Aprili

Kitanda kiko chini. Jokofu liko chini. Cherehani iko mezani na meza iko sakafuni, na Dada ameketi kama watu wengine, miguu inagusa chini. Amefagia, amepanga sare za muhula mpya kwa mafungu sakafuni, juu ya shuka, kwa ukubwa, kuanzia za watoto wadogo. Sijawahi kuona sakafu ya nyumba ile ikiwa na kitu.

"Shika huku," akasema. Tukalishusha kabati. Nilitoa matofali manne mwenyewe, moja moja. Akayapanga nje karibu na mlango na kusema anampa jirani, ajengee bustani.

"Dada, yaache kidogo."

"Ya nini?"

"Yaache tu."

Alinitazama. Mtu aliyekufuta kamasi huwezi kumficha uso. "We mdogo wangu, una nini?"

Nilitoka mbio, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, nikapita gatini nikihema. Bi Kompyuta alikuwa anapandisha masanduku kwenye gari.

Nilimwambia palepale, na dereva anasikia. Tishari, rula, fomu, hapana. Nilisema niliifunga peke yangu. Nilisema lango la bandari lilikuwa uongo wenye kitambulisho.

Hakupaza sauti, ningependa angepaza. Alivua miwani, akaishika kwa mikono miwili.

"Nilikuwa na jibu sahihi," akasema. "Nilikuwa nalo mkononi. Nikaliharibu ili nikufuate wewe."

"Najua."

"Wiki nzima nimechimba lango. Nililia bafuni, Kapteni. Nilidhani sijui kazi yangu."

"Najua."

"Hukujua. Usiseme najua." Akavaa miwani. "Kwa nini leo?"

"Dada ameshusha kabati."

Alimwambia dereva ashushe masanduku.

Jumatatu, 7 Aprili

Mpimaji wa serikali alikuja jana na darubini yake ya miguu mitatu. Hakutumia hata saa moja. Sentimita kumi na moja na milimita mbili. Hata kwenye kosa tulikuwa karibu kabisa na namba kamili.

Leo nimeitwa kwa Mhandisi. Kofia ilikuwa kichwani, ofisini.

"Ulikuwa unapima bahari," akauliza, "au ulikuwa unapima sifa zako?"

Nikamwambia ya pili, nilianza miaka mingi kabla ya ya kwanza. Hakucheka, wala sikutaka acheke. Alisema nikae nyumbani mpaka kamati inihoji. Alisema itabidi kuongeza kozi moja ya tofali na nondo juu ya zege, mita mia moja thelathini na mbili za mtaa wa chini, kabla ya bamvua ya tarehe kumi na nane. Bi Kompyuta ameirudisha modeli yake mahali pake, ameipa pepo zinazotabiriwa. Inasema maji ya siku hiyo yatavuka ukuta kwa sentimita sita.

"Na hiyo rula ulifunga peke yako? Kwa kifaa gani?"

"Kwa macho."

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Shemeji, na vumbi la saruji mpaka kope.

"Anadanganya tena," akasema. "Mpira ni wangu. Hewa ilikuwa upande wake, lakini mpira ni wangu na alama niliichora mimi. Kozi hiyo nitaijenga mimi, na mafundi wangu wameshaambiwa kwa nini."

Tulitoka pamoja. Tulifika njia panda. Pale akasema, "Kwa macho. Ungepata wapi macho hayo?" Akaenda zake.

Jumanne, 8 Aprili

Wameanza, kutoka upande wa shule. Nimemwambia Shemeji aanzie kwake, upande wa pili. Akasema fundi haanzi kwake. Nimebeba tofali siku nzima, hakuna aliyenikataza na hakuna aliyenishukuru.

Alhamisi, 10 Aprili

Mita kumi na mbili kwa siku, si zaidi; kila tofali lina nondo yake ya kutobolewa. Mgongo wangu umekuwa na maoni.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Hakuna aliyejenga. Dada amepandisha kitanda na jokofu bila kuniita.

Jumanne, 15 Aprili

Wanatabiri upepo wa pwani Ijumaa. Bi Kompyuta ameniletea chai ukutani. Hakukaa.

Alhamisi, 17 Aprili

Mita mia moja na nane. Tofali zipo, saruji ipo, siku zimekwisha. Pengo la mita ishirini na nne, na mwisho wa pengo ni mlango wa Dada. Tumelijaza mifuko ya mchanga. Kabati tumelipandisha mafundi wanne na mimi.

Ijumaa, 18 Aprili

Upepo uligeuka saa nane mchana. Saa kumi kasorobo maji yalifika kwenye zege. Hayakuja na mawimbi wala kelele; yalipanda tu, taratibu, kama mtu anayesoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Upande wa shule yalikuta tofali jipya, yakapanda mpaka nusu yake, yakasimama. Nyuma ya ukuta pale mwalimu alikuwa amesimama na viatu vikavu.

Kwetu yalipata njia kati ya mifuko. Kwanza uzi, halafu utepe, halafu mfuko mmoja ukalala chali na maji yakaingia kama wenye nyumba. Shemeji na mafundi wake waliziba kwa miili yao, kwa milango, kwa magodoro. Walipunguza, hawakuzuia. Ndani kwa Dada maji yalifika juu ya kifundo, meusi, yakakaa dakika arobaini.

Yalipoanza kuondoka simu yangu ikalia. Bi Kompyuta, yuko gatini.

"Uko kwa dada yako? Kuna mstari wa maji ukutani? Nahitaji kuona kama modeli ilisema kweli. Pima kutoka sakafuni."

Nilikuwa na futi mfukoni, nikapiga magoti, nikapima. "Sentimita kumi na tatu."

"Una hakika?"

"Sina," nikasema. "Njoo upime mwenyewe."

"Nakuja," akasema.

Dada alikuwa amesimama katikati ya chumba, gauni amelikunja kiunoni. Mafungu matatu ya sare yalikuwa yameelea mpaka chini ya meza. Nilijua sitapata siku nyingine ya kusema.

"Dada. Tarehe tatu nilifika mlangoni mwa yule mtaalamu, nikarudi. Nikamwambia tarehe tano. Mafundi wanamaliza mita kumi na mbili kwa siku. Siku mbili ni ishirini na nne."

Hakuwa na haja ya kutazama nje. Alikuwa akilitazama pengo lile tangu jana.

"Kwa hiyo haya ni maji yako," akasema.

"Ni yangu."

Akanisukumia ndoo kwa mguu.

"Basi yatoe."